Fumua Mto wa Mama Leo

Nairobi, Jumapili

Mama Moraa,

Salamu zitafuata. Kwanza inuka uende nyumbani kwa Mama, uchukue ule mto niliomtumia. Ndani yake kuna vidonge vya kifua kikuu, sijui vingapi. Najua Moraa hulala na bibi yake, na najua hutia kila kitu mdomoni. Mtoto wa miaka mitatu akivimeza, vinaweza kumuua.

Sasa nikuulize: hamjambo? Mguu wa Mama umepoa? Mimi ningali kitandani hapa hospitalini, huu ni mwezi wa tano, katika chumba cha watu wawili ambacho wageni hawaingii.

Nilikueleza kwamba nimejifunza kutarizi. Miaka ishirini nimeandikia magazeti, lakini humu hakuna habari. Jana na leo ni siku moja. Mwenzangu Hamisi, fundi wa nguo, ndiye aliyenipa sindano. Nyuzi tulizifumua kwenye sweta kuukuu na pindo la blanketi. Nikatarizi kwenye kitambaa cha mto huo kilima chetu hapo Birongo, maua ya pareto yamechanua, na njia ya kushukia mtoni.

"Mwandishi, mshono wako umelewa," Hamisi akasema.

"Njia yetu ndivyo ilivyo, fundi."

"Basi aliyeichimba alitoka kilabuni!"

Wiki zile nilisahau kikohozi.

Siku niliyopelekwa kupigwa picha ya kifua, Hamisi aliujaza mto pamba na kuufunga kwa niaba yangu. Nilimshukuru. Alhamisi muuguzi akamkabidhi binamu yangu Nyakundi aulete.

Leo asubuhi Hamisi ametapika damu. Muuguzi alipomuuliza kama anameza dawa, alinitazama mimi.

"Nisamehe, bwana. Zilikuwa zinanichoma tumbo. Nilizificha kwenye pamba. Nyingine zimo katika mto wa mama yako."

Niliomba karatasi na kalamu. Kazini nimeandika habari za ajali nimesimama kando ya maiti, bila kufuta neno. Leo nimeharibu karatasi mbili kabla ya hii.

Posta imefungwa, kwa hiyo barua anaileta mpishi wa hapa, mtu wa Sironga, karibu na kwetu, anayeondoka na basi la mchana. Fumua upande wenye uzi mweusi. Huo ndio mshono wa Hamisi. Chambua pamba yote, vidonge uvitupe chooni, ila kimoja ukiweke. Kisha muulize Moraa, bila kumtisha, kama ameonja kitu kichungu. Ukimwona amelegea au anatetemeka, usingoje maombi wala dawa ya miti. Mkimbize hospitali mjini Kisii, na kile kidonge mkononi, wakione.

Nisalimie Mama, kaka yangu mwalimu, na shangazi yetu mchuma pareto. Usimwambie Mama kwa nini mto umefumuliwa mpaka uwe na hakika.

Kesho posta ikifunguliwa, nipigie telegramu. Mtoto akiwa mzima, andika "mzima". Asipokuwa mzima, usinifiche. Nimemwomba muuguzi anisomee yeye, maana sidhani kama nitaweza kuifungua.

Mumeo,
Baba Moraa