Kogo Chepkurui Amekataa

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku nzuri. Chai mbili, maandazi matatu, hakuna aliyenifokea. Ijumaa miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha. Mathew, bosi wetu, ataamua: nibaki hapa Kapkatet kuandika programu za mizani ya majani chai, au nirudi Ndanai kukamua ng'ombe wa mama. Nampenda mama. Ng'ombe wake hapana.

Kazi ya leo ilikuwa ndogo. Wiki jana Phelix, mwenzangu, aliwatumia wakulima SMS: "Majani yako yamekataliwa. Asante kwa kuwa nasi." Simu zililia siku mbili! Sasa Mathew ameamuru ujumbe wowote usitoke kabla ya kuidhinishwa na Kogo Chepkurui, nyanya wa kamati ya kituo cha majani. Ana simu, ana miwani, ana msimamo. Nikamfungulia akaunti, nikamfundisha vitufe viwili: Idhinisha na Kataa. Kisha nikafungua terminal, dirisha la kuandikia amri — amri moja tu, sheria hiyo ikae kwenye repo ya ujumbe pekee, yaani ghala la msimbo wake. Enter. Nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 4 Novemba

Mungu wangu.

Amri ilisoma orodha niliyoiacha wiki jana, ile ya repo zote, ikaweka sheria kwenye kila moja. Zote kumi na tisa! Mizani, ripoti, tovuti, hata programu ya Phelix ya kupanga zamu ya kuosha vikombe. Hakuna mstari utakaoingia popote bila kidole cha Kogo.

Nitaifuta, nikasema. Haifutiki! Sheria zetu ziko kwenye faili, faili iko kwenye repo, na repo hiyo ni mojawapo ya kumi na tisa: hata kufuta kunahitaji kidole cha Kogo. Mpango huo ni wangu. Nilimwambia Mathew kwa kifua: hakuna mlango wa nyuma, hata wa bosi. Mdomo wangu huu!

Phelix amecheka mpaka akakaa sakafuni. Akauliza kama Kogo atataka ofisi yenye dirisha. Nimemnunulia chapati mbili asimwambie Mathew.

Jumatano, 5 Novemba

Kogo anafanya kazi! Mabadiliko saba yamemfikia kwenye simu. Amekataa sita.

Kituoni yeye ndiye husimama mezani. Gunia linamwagwa, anapekua, chochote kilichozidi majani mawili na chipukizi anatupa nje. Miaka ishirini. Msimbo wetu anaupekua vivyo hivyo, na kwa bahati mbaya anauelewa, maana Mathew alitaka majina yote tuyaandike kwa Kiswahili. Nimenakili maoni yake:

"Hii ni refu sana. Kata."

"Hii niliona asubuhi. Mbona umerudisha?"

"Phelix, yako iko na mashina mingi."

Na ni kweli — aibu! Phelix amekata mistari mia nne ikabaki arobaini, na bado inafanya kazi. Hacheki tena. Alichoidhinisha Kogo ni kimoja tu: zamu za vikombe. Phelix anaosha wiki nzima.

Alhamisi, 6 Novemba

Programu mpya ya mizani lazima itoke kabla ya Jumamosi, siku ya majani. Kazi yangu hiyo. Kogo ameikataa mara tatu bila maelezo. Nikafunga safari mpaka shambani kwake.

Alikuwa anachuma. Hakuacha. Akaniuliza kama nimekula, kisha akaniuliza, "Winny, gunia mnatoa mara ngapi?"

"Uzito wa gunia? Mara moja, Kogo."

"Hapa juu umeandika toa gunia." Akavuta simu kutoka kwenye aproni. "Na hapa chini umeandika toa gunia tena. Sisi tuko na gunia ngapi?"

Nikaangalia. Nikaangalia tena. Kila mkulima angepunguziwa uzito mara mbili, mama yangu akiwemo! Phelix alikuwa ameupitia huo msimbo. Mimi pia. Sote tuliandika "safi kabisa".

Nimerekebisha hapo hapo, nimeketi kwenye kikapu chake. Akabonyeza Idhinisha. Akanipa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu. Niliona aibu mpaka kwenye masikio.

Ijumaa, 7 Novemba

Saa tisa na nusu. Saa kumi Mathew anafungua orodha ya sheria kabla ya kunisainia mkataba. Asubuhi nilimtumia Kogo badiliko la mwisho: kumwondoa kwenye repo kumi na nane, abaki na ujumbe tu. Akinipitishia, hakuna atakayejua.

Hakubonyeza. Amekuja mwenyewe! Kitambaa cha Jumapili kichwani, kiti changu ameshakikalia. Na Mathew ameingia mapema, anamsalimia, anauliza kinachoendelea. Naandika hapa nikijifanya nachukua kumbukumbu za mkutano.

Kogo anasoma kwa sauti. "Toa Chepkurui. Toa Chepkurui. Toa Chepkurui." Atasoma zote kumi na nane, namjua. Phelix anaangalia dari.

Amemaliza. "Hii Chepkurui ni mimi?"

Nimesema ndiyo. Nimesema yote — orodha, Enter, chapati.

Kogo ameinua miwani. "Na mkinitoa, gunia itaangaliwa na nani?"

Wote wananiangalia mimi. Kidole chake kiko katikati ya vitufe viwili, na mimi, hata kama itanigharimu kazi, naomba akatae.