Hatua Chache Nje ya Njia

Siem Reap, Kambodia
4 Februari 2001

Baba yangu,

Shikamoo. Hicho kikohozi kimekuachia au bado unakificha Shangazi Nita asikusikie? Mimi mzima, ila jua la huku limenibabua hadi watu wako wa soko la La Paz wangenipita bila salamu.

Mafunzo yanaenda. Asubuhi tunafundishwa namna ya kufundisha Kiingereza, jioni tunawafundisha wahudumu wa hoteli, na wakufunzi wamekaa nyuma wanaandika makosa yetu. Juzi niliwaambia wanafunzi warudie kila ninachotamka, kisha nikapiga chafya. Baba, darasa zima lilipiga chafya.

Nimepata rafiki, Maude, Mkanada mwenye umri wa kuwa mama yangu. Alikuwa muuguzi, sasa amestaafu. Anasema amechoka kuwachoma watu sindano, anataka awatese kwa sarufi. Kila wikiendi tunakwenda pamoja kwenye mahekalu. Dereva wetu wa pikipiki anaitwa Phirun. Anatupakia wote wawili, mimi katikati kama nyama ndani ya mkate. Mkewe, Chanthou, anauza juisi ya miwa karibu na daraja, na kila tukipita anatuchekea. Jana Phirun aliniona naongeza bakuli la pili la tambi, akasema, "Mwalimu, ukiendelea hivi Jumapili ijayo nakuja na lori."

Sasa sikia. Kwenye ukuta wa hekalu la Bayon nimewaona watu wa kazi yako! Wapishi, Baba, wamechongwa kwenye jiwe. Mmoja anapuliza moto, wawili wanamtumbukiza nguruwe mzima kwenye sufuria, mwingine amebeba sinia kichwani. Nilisimama pale hadi Maude akanivuta mkono.

Msalimie Shangazi. Nikimaliza hapa mwezi wa nne, wanasema nafasi za kufundisha Bangkok ni nyingi.

Mwanao akupendaye,
Vina


La Paz, Iloilo, Ufilipino
14 Februari 2001

Inday wangu,

Marahaba, binti yangu. Kikohozi kipo, lakini sasa tumezoeana. Shangazi yako hajambo, mdomo wake pia haujambo.

Barua yako nimeisoma kwa sauti kibandani, watu wakaacha supu yao ya tambi, batchoy, ikapoa. Mzee Kardo, yule fundi wa redio, amesimama na kusema nguruwe mzima haingii kwenye sufuria, hao wachongaji walikuwa waongo. Nimemwambia anaingia kama mpishi ni mpishi. Tumebishana hadi nikaunguza vitunguu saumu. Mzee amesema akishindwa atavaa gauni la mkewe azunguke soko zima.

Kwa hiyo nakutuma. Ukiipata hii, wikiendi nitafutie wapishi wengine, huko mahekalu si yako mengi? Na usitazame kwa mbali kama watalii. Sogea, uone walichoshika mkononi, uone sufuria zao zina miguu au zimekaa juu ya mawe. Uniandikie yote.

Mwambie huyo Phirun akuendeshe polepole. Mwambie baba yako hana mwingine.

Nakuombea kila asubuhi nikiwasha moto.

Baba


Siem Reap
1 Machi 2001

Baba,

Niko hai, sina jeraha. Nimeanza na hilo kwa sababu huenda ukasikia kitu redioni.

Jumapili kumetokea ajali hekaluni. Si mimi, ni Phirun. Siwezi kuandika zaidi. Mwombee. Mimi niache, mwombee yeye.

Vina


La Paz
3 Machi 2001

Inday,

Hujambo huko? Mbona kimya? Mzee Kardo anapita hapa kila siku anauliza, "Majibu yamekuja?" Nami namjibu, "Mwanangu ni mwalimu, hakurupuki kama wewe." Lakini moyoni nasema, huyu mtoto ananiaibisha.

Au Phirun amekuja na lori kweli, mmekwama njiani? Mkewe anakuonaje, wewe unayekaa nyuma ya mumewe kila Jumapili? Mpelekee zawadi, usiwe mtoto asiyefunzwa.

Sisi huku wazima kabisa. Kikohozi kimekwisha, nimekishinda. Andika upesi, gauni linasubiri.

Baba


Siem Reap
14 Machi 2001

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako ya utani imefika jana. Nimeisoma nikiwa kwenye benchi la hospitali. Najua uliiandika kabla ya kupata ile yangu. Nashukuru kikohozi kimekwisha.

Nakuandikia sasa ilivyokuwa.

Jumapili ile tulikwenda hekalu dogo la porini, mbali na mji. Watalii hawafiki. Phirun hakutaka, mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Tulipofika alitusimamisha kama watoto wa shule. "Mnaiona njia hii iliyokanyagwa? Hapa juu tu. Nje ya hapa vita havijaisha." Mabomu yaliyofukiwa zamani bado yapo ardhini. Nilisikia, Baba. Nilisikia vizuri, hata nikaitikia.

Tulizunguka. Maude alikaa kivulini kunywa maji, Phirun akamshikia chupa. Mimi nikaona jiwe limeanguka kwenye nyasi, limechongwa. Nikatoka njiani. Hatua chache tu, nyasi zinanifika magotini.

Nyuma yangu nikasikia, "Mwalimu, simama! Usigeuke!"

Ile haikuwa sauti ninayoijua. Nikasimama.

"Unaziona nyayo zako?"

"Sizioni!" Nilikuwa naziona, Baba. Niliogopa kurudi peke yangu.

"Basi nakuja."

Maude akapiga kelele, "Phirun, usiende! Tukaite watu!"

"Watu wa hapa ni mimi," akamjibu.

Akaja taratibu, anakanyaga pale nilipokanyaga, na njia nzima ananiongelesha upuuzi. "Mwalimu, nyasi kwa Kiingereza inaandikwaje? Nitajie herufi moja moja." Nikaanza kutaja. Nilipofika ya mwisho mkono wake ulikuwa begani kwangu. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Akapanda juu ya kipande cha jiwe pembeni, akajibana ili nipite kwenye zile nyayo. "Tangulia. Usikimbie."

Nikapita. Mguu wangu ulipogusa njia nilicheka, Baba. Nilicheka kabisa, kwa sauti. Yeye akashuka kwenye lile jiwe anifuate, na ardhi ikapasuka.

Sikusikia kitu tena, masikio yalijaa mlio. Niliona tu mdomo wa Maude unafunguka na kujifunga. Yule mama wa watu alimfuata kwa magoti, akishika nyayo kwa viganja, akamvuta hadi njiani, akamfunga paja kwa skafu yake na kijiti. Mimi nilisimama tu. Wakata kuni wenye pikapu walisikia mlipuko wakaja. Njia nzima Phirun alikuwa anaulizia pikipiki yake, nani atairudisha.

Mguu wa kushoto wamemkata chini ya goti.

Chanthou alifika jioni, mikono bado inanata juisi ya miwa. Hakulia. Alinitazama miguuni, akaniuliza, "Yako ipo yote miwili?"

"Ndiyo, dada."

"Haya," akasema, akaingia ndani kwa mumewe.

Nimekosa madarasa yote tangu siku ile. Sijui nifanye nini.

Mwanao,
Vina


La Paz
25 Machi 2001

Mwanangu,

Barua yako ilinikuta nimesimama jikoni, nikaimalizia nimekaa sakafuni kwenye maganda ya vitunguu. Shangazi yako alidhani nimeanguka. Tangu hapo nikiona wateja wanacheka najiuliza wanacheka nini.

Rudi nyumbani. Sikuombi, nakuambia. Mama yako nilimzika nikiwa na wewe mgongoni, sina nguvu ya kuzika mara ya pili. Panda ndege yoyote. Kiingereza utafundisha hapahapa, watoto wa Iloilo hawajui kuandika hata majina yao.

Kila siku nawasha mshumaa kanisani kwa ajili ya Phirun, na mwingine kwa ajili ya mkewe. Mwambie sijui la kumwambia.

Kuna jambo moja ulipita juu yake haraka. Hilo jiwe kwenye nyasi, lilichongwa nini? Nijibu hilo tu, kisha urudi.

Baba


Siem Reap
9 Aprili 2001

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umelala usingizi tangu uniandikie. Mimi nalala kidogo kidogo.

Nisamehe, sirudi. Nisikilize kwanza kabla hujaitupa barua hii.

Wiki tatu nilikuwa nafika hospitali na chakula, nakiacha mlangoni, nakimbia. Siku moja Chanthou alinivizia kwenye ngazi, akanishika kiwiko.

"Wewe ni paka? Unaleta na kutoroka?"

"Dada, naona aibu."

"Aibu kaione ndani. Huko ndani kuna mtu haongei na mtu tangu asubuhi."

Akanisukuma hadi kitandani. Phirun amekonda, macho yamekuwa makubwa. Aliponiona akasema, "Mwalimu, umekosa vipindi vingi. Leo tufanye somo gani?" Nikamwambia sikuja na kitabu. Akasema, "Tufanye viungo vya mwili. Vya kushoto tutaviruka." Akacheka peke yake. Kisha akageukia ukutani, mabega yakaanza kutikisika, na Chanthou akamlalia mgongoni, na mimi sikuwa na mahali pa kujiweka.

Kesho yake nilikwenda na kitabu. Sasa nakwenda kila siku. Anataka kuwa mwongoza watalii, anasema kwa hiyo kazi mdomo ni muhimu kuliko mguu. Kichwa chake ni chepesi kuliko cha mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Akikosea anajitukana, akipatia anamwita muuguzi aje asikie. Kuna siku lakini anatupa kitabu chini na kuniambia nitoke, nisirudi tena. Natoka. Kesho narudi.

Chuo kimenipa cheti, Maude aliwasihi. Yeye amekwenda Bangkok, na mimi nafasi yangu ya huko nimeiacha. Nafundisha jioni kwenye hoteli ili nikae hapa hadi Phirun atakaposimama kwenye mguu wa bandia.

Umeniuliza jiwe lilichongwa nini. Sikumbuki, Baba. Lilikuwa jiwe tu.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Vina


La Paz
2 Mei 2001

Inday wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kwa siku nyingi nilikuwa nabishana na barua yako.

Hukumbuki. Sawa. Toka utotoni, ukitaka kunificha jambo unaandika sentensi fupi. Nimesoma zile sentensi zako mbili kuhusu jiwe mara nyingi, nikajua jiwe lile lilichongwa nini, na ni nani aliyekwambia usogee uone kwa karibu. Ulitaka nisijue maisha yangu yote. Wewe ni mtoto mwema, lakini hilo sikubali.

Agizo lile lilikuwa langu, mwanangu. Wewe ulitumwa.

Kibanda nimemwachia Shangazi yako. Watu wanashangaa, hawajawahi kuniona naacha jiko langu hata siku ya kimbunga. Ndege yangu inatua huko Jumatano, tarehe kumi na sita, mchana. Sikujii wewe, wala sitakurudisha. Nakuja kwa Phirun. Kiingereza changu ni cha kuhesabia mabakuli na lugha yake siijui hata neno, kwa hiyo utakaa katikati yetu na kutafsiri. Tafsiri kila kitu, hata nitakapoanza kulia. Na yeye akinitukana, nitafsirie vilevile, usipunguze makali.

Akikataa kuniona, nitakaa kwenye hilo benchi la hospitali. Nitarudi kesho yake, kama ulivyofanya wewe.

Njoo unipokee. Ila usimtangulizie habari. Nataka alisikie jambo hili kutoka kinywani mwangu.

Baba yako,
Teodulo