Udongo wa Mutuini

Nairobi, Aprili 1975

Kwako wifi yangu Kijakazi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, ila bei ya sukari haishikiki na unga umepanda tena.

Kakako Athman bado hutoka na tai kila asubuhi kwenda ofisini. Lakini viatu vyake hurudi na udongo mwekundu, na mjini ni lami tupu. Nikajua ana mwanamke. Jana nikamfuata mpaka Mutuini.

Mwanamke nilimkuta kweli, bibi mzima anayeitwa Wangeci, mwenye shamba. Athman alikuwa kule mbali analima, amenipa mgongo.

"Huyo aliacha ukarani," Wangeci akaniambia. "Anasema mshahara inaishia kwa kodi na nauli, heri jembe."

Sikumwita. Tai yake ilikuwa imetundikwa kwenye seng'enge, na kando yake kifuko cha mbegu za mchicha, kimeshonwa kwa ile leso ya sare tuliyovaa mimi nawe harusini kwangu. Yangu ningali nayo, nzima.

Jioni akaniletea mchicha, ati ameununua sokoni. Nikaupika. Tai nikaipiga pasi.

Yeye simuulizi. Nakuuliza wewe, wifi: umejua tangu lini?

Mke wa kakako,
Mabruka