Asali ya Evodia, Sura ya Festo

Martina! Festo dalali kampigia Evodia magoti! Hapa hapa ghalani Itigi!

Si unakumbuka alivyojiandikisha kwenye ule mfumo wa kufuatilia asali, na picha yake juu, kwamba yeye ndiye mfugaji nyuki, wakati asali ni ya Evodia? Evodia alipolalamika, jamaa akamcheka. "Hii blokcheni, dada. Kumbukumbu zimekaa kwenye kompyuta za dunia nzima, hakuna wa kuzifuta."

Sasa kachanganya asali na maji ya sukari, wanunuzi Ujerumani wamegundua. Wakiskani ile QR ya chupa kwa simu, inatokea sura YAKE!

Leo anamlilia Evodia akiri mzigo ni wake yeye Evodia. Analia, Martina, kamasi hizo!

Evodia anakamua masega tu. "Kaka Festo, si ulisema haifutiki?"

Halafu katoa simu. "Tulia hapo hapo chini nikupige picha. Na hii tuiweke huko huko."