Mume Wangu wa Simenti

Mama,

Leo asubuhi nimefunga sufuria yako kubwa, ile iliyopika maharagwe ya matanga yako mwenyewe. Nimeijaza nguo za Gloria na sahani za bati, nikaifunika kwa kipande cha turubai la shitingi, nikaikaza kwa mpira wa gurudumu kama ulivyokuwa ukikaza mabeseni yako ya samaki wadogo, sambaza, kabla ya kutoka soko la Kituku. Kisha nikakaa juu yake nikalia. Usifikiri nililia kwa ajili ya safari peke yake. Nililia kwa haya, kwa aibu, na hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie, maana wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia mambo haya bila kumtazama usoni.

Ngoja nianze na habari, nisije nikakuchanganya. Papa Gloria amepata uhamisho. Ndio wa kwanza tangu tuoane. Unakumbuka alikuwa akienda upande wa Sake na kurudi, akienda Rutshuru na kurudi, lakini kambi yake ilibaki hapa Goma nami nilibaki hapa Majengo, kwenye nyumba yako ya mbao, na cherehani yangu barazani. Safari hii kikosi chote kinapelekwa Uvira, na wake na watoto wanafuata. Kesho asubuhi tunapanda meli hadi Bukavu, halafu malori. Sijawahi kulala mji mwingine zaidi ya huu na Butembo kwa bibi. Hata sijui kama kule Uvira unga wa muhogo wanauchekecha au wanausonga hivyo hivyo.

Kule kambini kuna mwanamke anaitwa Mama Nsimba, mke wa sajenti, ambaye amehamishwa mara nyingi kiasi kwamba kila mtoto wake amezaliwa mji wake. Ndiye aliyenifundisha kufunga mizigo. Alisema kabati niliache, kabati la mke wa soda, mke wa askari, ni sufuria. Cherehani nichukue kichwa, meza niuze. Nguo za mtoto zisipande lori la mizigo, zikae mkononi mwangu, kwa sababu lori la mizigo linaweza kuchelewa, na linaweza pia kusahau kufika. Kuku afungwe miguu, si mabawa. Na nisiweke kioo popote. Nilimsikiliza huku nikitazama chini, Mama. Alikuwa ananipa akili zake zote bure, na mimi nilikuwa naomba asipite mtu wa Majengo akaniona nimekaa naye.

Ndivyo nilivyo. Wewe ulijua. Sasa nimejua kwamba ulijua.

Ulipotuacha, akina mama wa shirika letu la sala waliniambia nichukue nafasi yako. Siku zote nilikuwa nasingizia cherehani, nikikuacha uende peke yako kusali kila juma nyumba kwa nyumba. Safari hii sikuwa na la kusingizia. Nikavaa kitenge chako cha zambarau, nikaenda. Tulisali kwa Mama Kahindo, rafiki yako wa samaki, yule aliyekuosha na kukuvisha siku ile mikono yangu ilipogoma. Baada ya sala wakanywa chai, na mmoja akaniuliza, kwa upole tu, mume wangu anafanya kazi gani siku hizi. Nikafungua kinywa, na neno lililotoka sikulipanga. Nikasema yuko na kampuni inayouza simenti, Bukavu.

Wote wakatazama vikombe vyao. Mimi nikadhani wananiheshimu.

Tangu siku ile ikawa kila tukikutana wananiuliza habari za simenti. Mama Gloria, simenti iko aje? Nami najibu kwamba inasonga. Wakati wa mvua wakaniuliza kama haigandi ghalani, nikawaeleza kwamba wanaiweka juu ya mbao ili isiguse sakafu, na kwamba meneja ni mtu mkali kwa jambo hilo. Meneja, Mama! Nilimzaa meneja mzima pale barazani, nikampa ukali na gari jeupe. Mama Kahindo akasema mume wa simenti ni mume mzuri, hatikisiki. Wakacheka, nami nikacheka nao, nikajiona mjanja.

Unajua kwa nini nilidanganya. Unajua jinsi watu wa hapa wanavyosema neno hilo, bibi ya soda, kama mtu anayetema mbegu. Soda ndiye anayekuomba simu yako giza likiingia. Soda ndiye anayekopa chumvi na kuhama nayo. Tulipokuwa watoto, malori yao yakipita tulikimbia barabarani kuwacheka wake zao, wamekaa juu ya magunia na mbuzi mapajani, mwavuli umevunjika, mtoto ananyonya vumbi. Wewe ulituvuta masikio ukatupa kidumu cha maji tuwapelekee. Nilipeleka, lakini nilishika kidumu kwa ncha za vidole. Na siku Papa Gloria alipokuja kujitambulisha amevaa shati la kiraia na suruali iliyopigwa pasi, buti zake ndizo zilizomsema. Ulizitazama buti, ukamtazama yeye, ukamwekea ugali na sambaza bila kuuliza neno. Alipoondoka nilianza kujitetea kabla hujanisema. Ulinikatiza. «Hata soda iko na mama yake,» ulisema, ukaendelea kuosha vyombo.

Baada ya hapo ukajifunza neno moja la Kilingala, bokilo, mkwe, na ukawa unamwita hivyo mpaka mwisho, hata siku ulipokuwa huwezi tena kumeza maji. Yeye bado analitaja. Anasema hapa Goma ni wewe tu uliyempa jina lisilo cheo.

Basi uhamisho ukaja, na uongo wangu ukataka malipo. Nikawaambia akina mama kwamba mume ameniita, tunahamia kule kwenye simenti. Nilifikiri yataishia kwa sala fupi na «safari njema». Nilisahau desturi yenu. Mwanamke wa shirika akihama vizuri, wenzake wanambebea vyombo vyake kichwani mchana kweupe, sufuria ya mama yake ikitangulia, wanaimba mpaka anapopanda chombo. Ndivyo mlivyomsindikiza Mama Riziki alipokwenda Beni, nawe ulirudi huna sauti siku mbili. Wake wa masoda hawasindikizwi na mtu. Wao wanapakiwa.

Akina mama wakaanza kugawana vyombo: fulani atabeba godoro, fulani atabeba babula, jiko langu la makaa. Waliniuliza siku. Nikaona bandarini jinsi itakavyokuwa: wao na nyimbo zao, na mbele yao kikosi kizima, Mama Nsimba na kuku wake, na mume wangu wa simenti amevaa nguo za jeshi, bunduki begani. Nikawaambia Alhamisi. Meli ni Jumatano, Mama. Nilitazama watu waliokuzika nikawatajia siku ya uongo ili waje bandarini wakute maji.

Ungefikiri hapo nilichoka. Sikuchoka. Nilikumbuka kwamba wauza samaki wote na wabeba mizigo wa pale wanakujua na wananijua, wengine tangu nikiwa mgongoni mwako. Kwa hiyo Jumapili, Papa Gloria alipokuja, nilimwambia jambo ambalo hata kuliandika naona haya. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti anashona mkanda wa begi langu kwa uzi wa nailoni, ule anaoshonea vifaa vyake. Nikamwambia kwamba bandarini mimi na Gloria tutapita kama abiria wengine. Asitusogelee, asibebe kitu chetu. Tutaonana ndani, meli ikishaondoka.

Aliacha kushona. Nilitaka anikasirikie, ningepata pa kushika. Alisema tu, polepole, kwa Kiswahili chake kile cha kuazima, «Sawa. Nitapita sawa vile sikujue.» Akavuta uzi mara mbili, tatu. Kisha akauliza, «Na mutoto akiniita?»

Nikainamia nguo nilizokuwa nakunja. Gloria akimwona hata kwa mbali anaita mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Papa Gloria akamaliza mkanda, akaukata uzi kwa meno, akaujaribu kwa kuuvuta kama una nguvu. Una nguvu. Akarudi kambini. Tangu siku ile hajatoka, wanafunga ghala, na simu zao zimezimwa. Kwa hiyo neno langu la mwisho alilo nalo kichwani ni lile.

Nilikuja kukuaga jana, pale juu ya mawe meusi, mahali ambapo walichimba kwa nondo siku nzima mpaka wakapata pa kukulaza. Maua yameshika. Sikukaa. Nilijua ukinitazama utaniuliza lile swali la Papa Gloria.

Na leo mchana, nikiwa bado nimekaa juu ya sufuria, Mama Kahindo akaingia. Hakubisha, unamjua. Alikuwa anatoka Kituku, ananuka sambaza, na mkononi amekunja ngata ya kitenge, ile ya kuwekea mzigo kichwani. Akaitazama mizigo yote iliyofungwa, ya mtu anayesafiri kesho kutwa. Nikaanza kusema kwamba napenda kufunga mapema. Akaniacha niseme. Nilipomaliza akaniambia kwamba wake wa kambini walikuja kwake jana kununua sambaza kavu za njiani, wakamwambia meli ni ya kesho.

Njia ya mwongo ni fupi, ulikuwa ukisema. Yangu iliishia pale kwenye sakafu yako.

Nikataka kusema kitu juu ya kampuni. Hapo ndipo aliponishika kidevu kama mtoto. «Kavira, shiye tunajuaka tangu zamani. Mama yako alikuwaka anatuombesha juu ya ule soda kila juma. Akienda front, tunaomba. Akirudia, tunashukuru. Alitukataza tusikuambie juu unaonaka haya. Alisema: mumuache, atachoka yeye mwenyewe.»

Mama.

Kila juma. Mimi nikiwa hapa barazani nasukuma cherehani, nikifikiri namficha mume wangu, wewe ulikuwa kwa jirani unamtaja kwa jina mbele ya wanawake wote wa barabara yetu, na wote wanaitikia. Walijua alipopigwa na malaria kule Masisi. Walijua siku alipokuwa hajulikani aliko, ile wiki uliyoniambia unafunga kula kwa ajili ya tumbo lako. Nami nilikuja nikakaa katikati yao, nimevaa kitenge chako, nikawauzia simenti.

Nilimuuliza kwa nini basi walikuwa wananiuliza kila siku habari za simenti. Mama Kahindo akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema walikuwa wanangoja nichoke, lakini nilikuwa na pumzi, na kwamba yule meneja walimpenda. Halafu akaacha kucheka. Akaweka ngata juu ya sufuria yako, akasema kesho yeye ndiye atakayeibeba, mimi nibebe mtoto tu, na akina mama watakuja wote, mchana kweupe, mpaka kwa masoda. Akaniuliza kama Papa Gloria ana habari. Nikasema ndiyo. Uongo mwingine, Mama, ukanitoka hivi hivi. Nikamkimbilia mlangoni nikamwambia hapana, hana habari, na nilichomwambia Jumapili ni hiki. Nikamwambia chote. Hakucheka. Alisema, «Hiyo, shiye hatuwezi kukubebea.»

Na ni kweli. Vyombo vyote vimepata kichwa cha kuvibeba, isipokuwa hicho.

Mchana unapita. Gloria amelala juu ya godoro lililokunjwa. Nimewaachia shirika kabati lako, na Mama Kahindo ataangalia maua yako, amesema atapita kila akipanda kutoka sokoni. Nyumbani atakaa binti ya dada yako mpaka tutakapojua la kufanya. Nimemtafuta Papa Gloria tena kwenye simu. Haipatikani. Kwa hiyo kesho atakuwa pale kwenye mstari wake, ameshika neno lake, anatazama maji, anapita kama hatujui, kwa sababu yeye akisema sawa huwa ni sawa. Sijui kama atageuka. Mtu akiambiwa na mkewe asimjue, ana haki ya kuchukua muda kumjua tena.

Lala, Mama. Nakuacha na mawe yako na maua yako, na haya yangu naondoka nayo, sikuachii. Ninakuahidi jambo moja tu, maana mengi nimeyasema mwaka huu na hayakuwa na mguu. Kesho bandarini, mbele ya wauza samaki wako wote, Gloria akimwita baba yake sitamziba mdomo. Na kama mtoto atakuwa amelala, nitamwita mimi, kwa lile jina lako, bokilo ya mama, kwa sauti, mpaka ageuke.

Mwanao,
Kavira, bibi ya soda