Jiwe la Nekesa

Alhamisi, muhula wa pili, 1966

Hakuuma mtu! Nekesa wangu wa darasa la nne leo hakuuma mtu, na mwandiko huu ukienda kombo ni shauri ya furaha.

Muhula uliopita alimng'ata mwenzake mkono, akapindua madawati. Mwalimu mkuu akaniambia dawa ya mtoto huyu ni kiboko. Nilimchapa. Naona aibu kuandika, lakini nilimchapa, na akazidi.

Ndipo nikampa jiwe jeusi la mto Sio. "Ukisikia hasira inapanda, weka hili mezani kwangu, uende ukapalilie pamba ya shule. Usiniombe ruhusa." Wiki tatu jiwe lilikaa mfukoni mwake, na walimu wenzangu wakinicheka.

Leo alikosa hesabu ubaoni, darasa likamzomea. Akakunja ngumi. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Akapita katikati ya madawati, akaweka jiwe mezani kwangu, akatoka.

Mwalimu mkuu akamkuta shambani. Niliwasikia kupitia dirishani.

"Wewe! Nani amekufukuza darasani?"

"Hakuna, mwalimu. Nimejitoa mwenyewe. Hasira ikiisha narudi."

Mzee alibaki amesimama katikati ya pamba, kiboko kwapani. Kesho huenda akaniita ofisini. Naogopa kidogo. Aniite tu!

Kwa maana kabla kengele haijalia, Nekesa alirudi. Hakuniangalia. Alichukua jiwe lake, akalifuta vumbi, akaenda ubaoni kuifanya upya hesabu ile ile.