Waliompokea Mhispania

Baba, shikamoo.

Tangu tukuzike Maramba, masika yamepita na Mama ameanza tena kula. Bado anakumiminia chai asubuhi, halafu anainywa mwenyewe. Mimi nimehamishiwa shule ya Moa. Nafundisha historia, kama wewe.

Nakumbuka tukipukuchua mahindi, ukitusimulia habari za yule mpelelezi wa Kihispania aliyevunjikiwa na merikebu, akatupwa ufukweni uchi katika nchi asiyoijua. Wenyeji walipomwona walikaa chini wakalia pamoja naye, kisha wakampeleka kwao akaote moto. Alitembea miaka mingi akiongozwa na wenyeji. Mwishowe alipokutana na Wahispania wenzake, hao wakataka kuwakamata waliomwongoza wawe watumwa. Hapo uliacha kupukuchua kila mara.

Nilipokuwa chuoni nilikujia juu: kwa nini unampenda mtu wa wakoloni? Hukukasirika. Ulisema, "Hadithi si yake, mwanangu. Ni ya wale waliompokea."

Sikukuelewa, Baba. Nilikuelewa mwezi uliopita.

Vijana watatu wa Kihabeshi walitokea kwenye mikoko, midomo imepasuka kwa kiu. Waliokuwa wakiwavusha kwa magendo kwenda kusini walikuwa wamewatelekeza. Watu wakajaa, wengine wameshika kamba wakitaka wafungwe mpaka polisi wafike. Niliogopa. Hata hivyo nikaanza kusimulia habari za ufukwe ule na watu waliolia. Sijui nani alinisikiliza. Ila Bi Mwanasha, jirani yangu anayeuza samaki, aliingia kwake akatoka na sufuria ya uji.

"Wanywe kwanza," alisema. "Kamba haikimbii."

Hakuna aliyeigusa tena ile kamba. Polisi walikuja wakawachukua wawili. Wa tatu alikuwa hoi, akalazwa zahanati. Nilikaa naye mpaka akafumbua macho. Hatukuwa na lugha moja. Alijigusa kifuani akasema, "Tesfaye." Nami nikamtajia jina langu. Alipopata nafuu naye alichukuliwa, na hadi leo sijui wako wapi. Nilirudi nyumbani nikalia… Nilitamani uwepo, safari hii mimi ndiye nikusimulie.

Pumzika, Baba yangu. Muhula ujao nitawafundisha wanafunzi habari za Mhispania yule. Nakuahidi nitaanzia kwa watu wa pwani ile, si kwa merikebu.

Mwanao,
Rehema